Mapango ya Lanzarote, kisiwa kilichozaliwa na moto

Katika bahari ya Atlantiki, upande wa magharibi wa Afrika ya Kaskazini, mna visiwa viitwavyo Kanari. Vinane kati yake vinakaliwa na watu. Kwa serikali ni sehemu ya Hispania, lakini mtu akitazama ramani ataona mara moja kwamba ni majirani wa Afrika kuliko wa Ulaya. Kimoja chao, kilicho pembeni kaskazini-mashariki, ndicho Lanzarote. Kutoka huko mpaka pwani ya Afrika ni yapata kilometa 130 tu. Kisiwa chenyewe si kikubwa: eneo lake halifiki kilometa za mraba 900. Mvua ni haba, mito hakuna, miti ni michache, na ardhi ni nyeusi na nyekundu kana kwamba imetoka jana tu katika tanuru.

Hata hivyo watu wengi sana huenda huko kila mwaka kutembea. Wengine hufuata jua na bahari. Lakini wenye hamu ya kujua mambo hushuka chini ya ardhi, kwa kuwa uzuri mkubwa wa Lanzarote umefichwa humo, katika mapango yaliyochimbwa na moto.

Sisi wa Kongo, na hasa wenyeji wa Kivu, hatuwezi kusikiliza habari hizi kama watu wa mbali. Volkano ya Nyiragongo imetufundisha lava ni kitu gani. Mwaka 1977 ilikimbia vijijini kwa upesi wa kutisha. Tarehe 17 Januari 2002 ilipasua mji wa Goma katikati na kuingia ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 ilishuka tena usiku, ikasimama karibu na mji. Kwa hiyo tukisimulia habari za kisiwa kile, msomaji wa Goma atatambua mengi: mawe meusi yaliyojaa vitundu, kuta zilizojengwa kwa mawe hayo, na majivu ambayo leo ni msiba na kesho ni shamba. Basi, tushuke pamoja.

Namna moto unavyochimba pango

Mapango mengi ya dunia yamechimbwa na maji. Maji ya mvua hupenya katika mawe ya chokaa, huyalainisha na kuyala pole pole kwa maelfu na maelfu ya miaka. Mapango ya Lanzarote ni ya namna nyingine: huzaliwa upesi, katika siku za mlipuko.

Mama wa nyumbani ameona mfano wa jambo hili mara nyingi. Uji wa moto ukimiminwa katika sahani, juu hufanya utando kwa sababu ya baridi ya hewa, lakini chini yake uji bado ni wa moto na laini. Lava nayo ni vivyo hivyo. Ikitoka mlimani hutelemka kama mto. Uso wake, ukiguswa na hewa, hupoa na kuwa mgumu kama jiwe. Lakini ndani lava huendelea kukimbia, kwa kuwa lile gamba la juu linaikinga na baridi kama blanketi. Hatimaye chemchemi ya moto hukauka. Lava iliyobaki ndani hutiririka mpaka mwisho wa mteremko, na nyuma yake huacha njia tupu, ndefu, yenye dari la mawe. Hilo ndilo pango.

Kaskazini mwa Lanzarote uko mlima uitwao La Corona, wenye urefu wa meta 609. Wataalamu wa mawe wanasema kwamba ulilipuka miaka yapata 21,000 iliyopita. Lava yake ilikwenda mashariki mpaka baharini, ikaacha njia ya chini yenye urefu wa kilometa 6 katika nchi kavu. Lakini ajabu ni kwamba njia hiyo haikomi ufukoni. Huendelea chini ya bahari zaidi ya kilometa moja na nusu, imejaa maji, nayo huitwa Tuneli ya Atlantida. Yawezekanaje lava kuchimba njia ndani ya bahari? Jibu ni kwamba zamani zile hapakuwa bahari. Wakati wa baridi kuu ya dunia maji mengi yalikuwa yamefungwa katika barafu, na uso wa bahari ulikuwa chini ya ule wa leo kwa zaidi ya meta 100. Lava ilipita pakavu. Baadaye barafu iliyeyuka, maji yakapanda, bahari ikaingia katika njia iliyokwisha kuwapo.

Mahali pengi dari la njia hiyo limeanguka, na pameachwa shimo kubwa wazi. Shimo la namna hiyo wenyeji huliita jameo, neno walilorithi kutoka kwa watu wa kwanza wa kisiwa. Kwa mashimo hayo mtu huingia chini.

Katika pango la Verdes

Sehemu inayojulikana zaidi huitwa Cueva de los Verdes. Verdes maana yake ni kijani, lakini mgeni asitazamie kuona mawe ya kijani humo. Hilo ni jina la jamaa fulani waliokuwa zamani na mashamba na malisho hapo juu.

Mlango wake ni shimo la kawaida tu katika jangwa la mawe meusi. Mgeni hashuki peke yake. Huenda na kiongozi, pamoja na kundi, nao hutembea humo muda wa saa moja hivi, katika kilometa moja iliyotengenezwa. Hewa ya ndani haibadiliki: kiangazi na majira ya baridi ni nyuzi 19 hivi. Mahali pengine inampasa mtu ainame sana asije akagonga kichwa. Hatua chache mbele dari linapanda ghafula, na mtu hujiona kama yumo katika kanisa kubwa.

Mwenye macho makini ataweza kusoma ukutani habari yote ya mto wa moto. Mistari mirefu iliyolala kando-kando huonyesha kimo cha lava siku kwa siku ilipokuwa ikipungua. Vingo vilivyojitokeza kama mabenchi ni gamba lililoganda pembeni, wakati katikati lava ilipokuwa bado ikikimbia. Juu darini mnaning'inia matone ya mawe: ni lava iliyoyeyushwa tena na joto kali, ikaanza kudondoka, ikaganda kabla ya kufika chini. Rangi nazo zina sababu zake. Wekundu ni chuma kilichomo katika mawe, kilichoshika kutu. Weupe ni chumvi zilizoletwa na maji yaliyopenya kutoka juu.

Pango lilifunguliwa kwa wageni mwaka 1964. Taa zake zilipangwa na msanii Jesús Soto kwa busara kubwa. Hakutaka kulitia pango mwanga mwingi. Alificha taa nyuma ya mawe, akaacha giza lifanye kazi yake. Mahali pamoja umewekwa ukumbi wa nyimbo na ngoma, kwa maana kuta zile zenye vitundu hunywa mwangwi, na sauti husikika safi.

Mwishoni mwa safari kiongozi huwasimamisha wageni karibu na shimo la kutisha na kuwaomba wanyamaze. Hapo pana siri. Kila anayetoka huombwa asiwaambie walio nje, nao huitunza ahadi hiyo kwa kucheka. Sisi nasi hatutaitoboa.

Maficho na usaliti

Lakini katika pango hilo mna siri nyingine, ambayo haikuleta kicheko.

Watu wa kwanza wa Lanzarote waliitwa Majos. Asili yao ilikuwa Afrika ya Kaskazini, katika jamaa ya Waberberi. Katika karne ya 14 merikebu za Ulaya zilianza kufika na kuwakamata, ili kuwauza utumwani. Mwaka 1402, Jean de Béthencourt, mtu mkubwa wa Normandie, alipokuja kukitwaa kisiwa, aliwakuta wamebaki wachache. Baadaye mambo yaligeuka. Mabwana wapya wa kisiwa walivuka bahari mara nyingi kwenda pwani ya Afrika, wakateka Waislamu wa huko na kuwaleta kuwa watumwa. Yatupasa kuyasema haya wazi, kwa kuwa asiyeyasema hataelewa yaliyofuata. Ujeuri uliokwenda na merikebu ulirudi na merikebu.

Katika karne ya 16 na ya 17 maharamia wa Afrika ya Kaskazini walikishambulia kisiwa mara nyingi. Mlinzi alipoona matanga, watu walikimbia na watoto, na wanyama, na chakula, wakaingia mapangoni. Cueva de los Verdes ilikuwa ngome yao bora. Mlango haukuonekana kwa urahisi. Ndani mlikuwa na njia juu ya njia, na matokeo mengine yaliyojulikana na wachache. Adui angeweza kukaa mlangoni akingojea njaa iwatoe, kumbe wao wanaingiza chakula kwa tundu jingine.

Mwaka 1618 lilikuja jeshi kubwa la maharamia kutoka Aljeri. Waliuchoma Teguise, mji mkuu wa wakati ule, kisha wakaenda kulizunguka pango. Ngome ile ingalishinda tena, lakini inasimuliwa kwamba mtu mmoja wa kisiwa aliwaonyesha njia ya siri. Kikulacho ki nguoni mwako. Watu yapata 900 walichukuliwa mateka mwaka ule, wanaume, wanawake na watoto, na wengi wao walikamatwa humo pangoni. Katika kisiwa chenye watu wachache kama kile, hasara hiyo ilikuwa kama kung'oa nguzo za nyumba. Siku zile yalikuwapo mashirika ya watawa, ya Utatu Mtakatifu na ya Mama wa Rehema, yaliyokusanya fedha ili kuwakomboa mateka wa Aljeri. Lakini walioweza kukombolewa hawakuwa wengi kama waliochukuliwa.

Leo mgeni anayepita mahali pale penye taa nzuri na afikiri kidogo. Hapo mama aliziba mdomo wa mtoto wake ili asilie. Jiwe halichagui: lilimkinga Mmajo dhidi ya Mzungu, likamkinga Mkristo dhidi ya haramia. Kilicholishinda si nguvu ya silaha, bali neno la mtu mmoja aliyeijua njia.

Kaa wadogo weupe

Tukifuata njia ileile ya La Corona mpaka karibu na bahari, twafika Jameos del Agua, yaani mashimo ya maji. Hapo sehemu ya pango ina ziwa dogo la maji ya chumvi, safi kama kioo. Kwa macho halina mlango wa baharini, lakini bahari hupenya kwa nyufa za mawe, na maji yake hupanda na kushuka kwa kufuata maji kujaa na maji kupwa.

Mtu akiinama juu ya maji ataona chini vitone vingi vyeupe, kama punje za mchele zilizomwagika juu ya jiwe jeusi. Akitazama zaidi ataona vinatembea. Ni kaa wadogo wenye urefu wa sentimeta moja hivi, weupe, vipofu. Mtaalamu Koelbel aliwaeleza mwaka 1892, na jina lao la kitaalamu ni Munidopsis polymorpha. Ndugu zao wengine huishi katika vilindi vya bahari, mahali pasipofika jua. Mnyama aishiye gizani daima hana haja ya macho wala ya rangi. Anayo mikono mirefu na vipapasio vya kumwonyesha njia.

Kiumbe huyo anaweza kuuawa na jambo dogo. Katika nchi nyingi wageni hupenda kutupa senti majini wakiamini zitawaletea heri. Senti hizo zikishika kutu hutia sumu katika maji, na kaa hufa. Ndiyo sababu ni marufuku kutupa hata senti moja. Mtu angeweza kusema: kaa wa sentimeta moja, ana thamani gani? Lakini asiyeweza kuzuia mkono wake kwa ajili ya kiumbe mdogo, atauzuiaje penye faida kubwa?

Msanii na nyumba yake

Aliyegeuza Jameos del Agua kuwa mahali pa kutembelewa ni César Manrique, mchoraji aliyezaliwa Arrecife, mji wa pwani wa kisiwa hicho, mwaka 1919. Alisoma Madrid, akaishi New York, kisha katika miaka ya 1960 akarudi kwao. Wakati huo wageni walikuwa wameanza kuja, na pamoja nao wenye fedha wakitaka kujenga hoteli kubwa popote. Manrique aliona hatari. Akazunguka vijijini akiwaambia wenyeji kwamba nyumba zao fupi nyeupe ni nzuri, wasizionee haya. Akawasihi wakuu wa kisiwa wasiruhusu maghorofa marefu wala matangazo makubwa njiani. Walimsikiliza kwa mengi. Jameos ilifunguliwa mwaka 1966, na mwaka 1977 uliongezwa humo ukumbi unaoweza kupokea mamia ya watu chini ya dari la lava.

Nyumba yake mwenyewe aliijenga huko Tahíche, juu ya mkondo wa lava. Inasimuliwa kwamba aliona kilele cha mtini kikichipuka katikati ya mawe meusi. Alipokaribia alikuta chini yake tundu kubwa lililoachwa na hewa ya moto. Yalikuwapo matundu matano ya namna hiyo. Akayaunganisha kwa njia ndogo, akafanya vyumba vya kukaa, na mti ukaachwa uendelee kupanda kutoka chumbani mpaka nje. Mwaka 1992 nyumba ilifunguliwa kwa watu wote. Mwaka uleule, mwezi wa Septemba, Manrique alikufa katika ajali ya motokari karibu na hapo.

Miaka sita ya moto

Lava iliyo chini ya nyumba hiyo ni changa. Ilitoka katika mlipuko mkuu ulioanza usiku wa tarehe 1 Septemba 1730. Tunajua habari zake kwa sababu Padri Andrés Lorenzo Curbelo, paroko wa Yaiza, aliandika siku kwa siku aliyoyaona: ardhi kupasuka, mlima kuinuka mahali palipokuwa tambarare, vijiji kuzikwa, ng'ombe kuanguka kwa hewa ya sumu. Mwishowe yeye na waumini wake wengi walihamia kisiwa cha Gran Canaria. Moto ulikoma mwaka 1736, baada ya kufunika robo moja hivi ya kisiwa. Sehemu hiyo, Timanfaya, ni hifadhi ya taifa tangu 1974. Ardhi yake bado ni ya moto: majani makavu yakitiwa shimoni huwaka, na maji yakimwagwa katika bomba hurudi kwa kishindo, yamekuwa mvuke.

Watu wa Tinajo hukumbuka kwamba lava ilipokaribia kijiji chao, walitoka kwa maandamano pamoja na sanamu ya Mama wa Mateso, wakasimika msalaba mbele ya moto, wakaahidi kumjengea Bikira Maria kikanisa kama kijiji kitapona. Lava ikasimama. Hatari ilipopita, ahadi ikasahauliwa. Inasimuliwa kwamba mwaka 1774 mwanamke asiyejulikana alimtokea msichana mchungaji, akamtuma kuwakumbusha wakubwa wake. Ahadi ni deni. Kikanisa kilijengwa Mancha Blanca, na kila mwaka mwezi wa Septemba watu wa kisiwa chote huenda huko kwa miguu.

Waliobaki walijifunza pia kulima katika majivu. Waliona kwamba punje nyeusi za volkano hunywa umande wa usiku na kuzuia maji yaliyo chini yasikauke. Basi wakachimba mashimo mapana mpaka kwenye udongo wa zamani, wakapanda mzabibu mmoja katika kila shimo, wakajenga ukuta wa mawe wa nusu-duara kuukinga na upepo. Bonde la La Geria limejaa maelfu ya mashimo hayo, na divai yake inasifiwa.

Mapango yaliyo karibu nasi

Mapango ya lava hayako Lanzarote tu. Hapa jirani, chini ya milima ya Virunga, upande wa Rwanda, yako mapango ya Musanze yenye urefu wa kilometa 2, ambayo sasa hutembelewa na wageni kwa utaratibu. Humo pia watu walijificha nyakati za vita, na humo pia waliuawa; kwa hiyo wenyeji hupaheshimu kama kaburi. Upande wetu, katika mikondo ya Nyiragongo na Nyamulagira, lava imeacha njia na mashimo mengi ambayo wachungaji na wawindaji huyajua kuliko wenye vitabu.

Ni vema waalimu na wazazi wawaulize wazee: pango lile linaitwaje? Nani alijificha humo, na mwaka gani? Maji yake hutoka wapi? Majibu hayo yaandikwe daftarini kabla wazee hawajaondoka nayo. Lanzarote ilikuwa nchi maskini, haina mto wala msitu wala dhahabu. Ilichokuwa nacho ni mawe yaliyoungua na kumbukumbu za watu wake. Ilipojua kuvitunza viwili hivyo, dunia nzima ilikuja kubisha hodi.